Gari Lililosema na Wanawake

Mtu mmoja alipenda mwendo. Jina lake sitawapa, kwa sababu nimemtunga mwenyewe, na kwa sababu mkipewa jina mtaanza kumtafuta yeye badala ya kujitafuta ninyi. Alikuwa mtumishi wa serikali, mpimaji wa ardhi, mwenye mshahara wa kawaida na mke mtulivu. Tangu ujana alitamani gari la aina moja tu: yale mafupi ya milango miwili yanayotoka Japani, yenye tabo, kile kifaa cha kuiongezea injini nguvu, ambayo ukikanyaga mafuta mgongo unabanwa kwenye siti.

Mnajua mambo hayo. Mtu wa mshahara halipati gari kama hilo likiwa zima. Analipata likiwa na kasoro, na kazi ya mnunuzi ni kuchagua kasoro ipi anaweza kuishi nayo. Huyu alitafuta kwa muda mrefu. Akamkuta kijana mmoja aliyekuwa amelifunika lake kwa turubai kando ya nyumba ya mama yake. Alikwenda na fundi wa injini, injini ikawashwa, ikanguruma vizuri, na fundi akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Kisha kijana akataja bei. Bei ilikuwa ndogo mno, ndogo kiasi cha kumtia mtu mashaka, na mnunuzi akauliza kulikoni.

"Sikufichi, kaka," kijana akamwambia. "Mama hataki kulipanda. Linaongea naye."

"Magari mengi ya Japani yanaongea."

"Hayo yanasalimia kila mtu. Hili linaongea na mama tu. Nikiwa peke yangu, kimya. Rafiki zangu wakipanda, kimya."

Mnunuzi akacheka. Akasema kwa bei ile liongee hata na bibi yake, ruksa. Akalilipia, akaondoka nalo.

Fedha iliyobaki aliigawa kama wagawavyo wapenda mwendo. Akanunua matairi mapya, mapana. Akafunga springi ngumu ili gari lisiyumbe kwenye kona. Mlango wa kushoto rangi yake ilipishana kidogo na ya gari zima, ishara kwamba ulitoka kwenye gari jingine, na taa moja ndogo ya onyo pale kwenye dashibodi ilikuwa imeungua. Hayo akasema yatasubiri, maana hayaongezi mwendo.

Siku ya kwanza ya kumpakia mkewe alimpa somo ambalo sisi wenye magari humpa kila anayepanda. Mke alifunga mlango kama watu wote, nguvu kidogo, na mume akakunja uso. "Taratibu, mama. Hilo siyo geti la gereji." Mke akaomba radhi. Kuanzia hapo alikuwa akiufunga kwa kiganja, polepole, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alicholala mgonjwa.

Safari ya pili, gari lilipoanza kutembea, sauti ikasema.

Ilikuwa sauti ya mwanamke. Haikuwa kubwa. Ilitoka mahali fulani nyuma ya dashibodi, kwa lugha ya huko lilikotoka, maneno machache yenye adabu. Ikanyamaza. Ikayarudia yaleyale. Ikanyamaza tena, ikayarudia mara ya mwisho, kisha ikatulia safari nzima. Mume alimtazama mkewe. Mke alikuwa anaitazama dashibodi kama mtu aliyeitwa jina lake sokoni na asimwone aliyemwita.

Mume akataka kujua zaidi. Aliendesha peke yake mpaka nje ya mji: kimya. Akampakia mfanyakazi mwenzake, mtu wa maguvu, aliyebamiza mlango hadi kioo kikatetemeka na akasemwa kwa hilo njia nzima: kimya. Akampakia mdogo wake wa kiume, naye akabamiza vilevile: kimya. Siku nyingine akampakia jirani, mama mmoja aliyekwisha kuonywa na mke kwamba gari lile mlango wake hufungwa kwa upole. Wakaanza safari, na sauti ikasema. Yule mama akaomba ashushwe palepale, akarudi kwa miguu.

Basi ikajulikana mtaani kwamba gari lile linasema na wanawake. Watu ni watu. Wakasema alikufa mwanamke ndani yake, huko ng'ambo, na sasa hapendi mwanamke mwingine akae mahali pake. Wengine walidai sauti hubadilika mwenye gari akimwita mkewe kwa jina la mapenzi. Wanawake waliokuwa wakimsimamisha mke njiani kumsalimu walianza kumsalimu kutoka ng'ambo ya barabara.

Mke mwenyewe alisema jambo moja tu. Jioni moja, wakirudi kutoka kwenye msiba, sauti ilisema kama kawaida yake, naye akaisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia mumewe: "Haina hasira. Ni kama mtu anayeomba kitu."

"Anaomba nini?"

"Sijui. Tumtafute anayejua lugha yao, atuambie."

Mume akasema atamtafuta. Na hakuwa wa kutafutwa mbali. Katika chuo cha mji uleule alikuwepo mwalimu aliyesoma Japani miaka mingi. Lakini mume aliona haya. Utampelekea msomi pepo la kwenye gari, akuone mtu wa namna gani? Siku zikapita.

Badala yake likaja kundi la maombi. Nisikilizeni vizuri hapa, sipendi mtu aondoke na maneno ambayo sikuyasema. Walikuja kwa upendo. Walilizunguka gari wakaimba, wakapaka mafuta kwenye usukani na kwenye magurudumu, wakaikemea sauti ile itoke irudi ilikotoka. Na mama mmoja, mwombaji kweli, alimvuta mke pembeni, akamwekea mkono begani, akamuuliza ana nini moyoni. Alisema roho ya namna hii haimfuati mtu pasipo mlango. Mbona haisemi na mumeo? Mbona haisemi na shemeji yako?

Mke akaenda kujichunguza. Akafunga kula. Akakumbuka maneno aliyowahi kumjibu mama yake mzazi, akapiga simu kuomba msamaha kwa jambo ambalo mama yake hakulikumbuka hata kidogo. Tangu hapo alikuwa akikaa kwenye siti ile kama mshtakiwa, mikono mapajani, akingoja. Na alipozidi kuogopa, alizidi kuufunga mlango kwa upole, asije akaiudhi.

Sauti haikuacha. Ikasema, ikanyamaza, ikarudia.

Hatimaye mume alikwenda kwa fundi wa umeme. Fundi akafungua dashibodi, akakuta kisanduku kidogo cheusi chenye spika yake, akauliza kama akate. Akaambiwa kata. Akakata. Jumapili iliyofuata mume alisimama ibadani akashuhudia kwamba sauti imenyamaza, nyumba yake ina amani. Watu wakapiga makofi. Nani kati yetu asingepiga?

Baada ya hapo walisafiri kwenda kwa mama wa mke, nyanda za juu, kwenye barabara nzuri inayozunguka vilima vya chai. Ilikuwa asubuhi, ukungu umetanda mashambani, barabara tupu. Mke alitazama nje kwa muda, kisha akasema kimya kile hajakizoea.

"Umemkumbuka pepo wako?" mume akamtania.

Mke akacheka kidogo. "Alikuwa ananisemesha mimi," akasema. "Sikuwahi hata kumjibu."

Mume akaomba chai. Mke akafungua mkanda, akageuka nyuma kuitafuta chupa. Mbele kulikuwa na kona ndefu ya kulia, safi, ya aina ambayo mtu hununulia gari kama lile, na mume hakupunguza mwendo. Gari likaishika barabara kama limegundishwa kwa gundi. Alikuwa bado anafurahi alipohisi baridi upande wa kushoto wa uso wake.

Hakusikia kishindo. Hakusikia kilio. Aligeuka, akaona mlango uko wazi, ukungu unapita, na mkanda unaning'inia ukicheza juu ya siti isiyo na mtu.

Walimzika kwao, kilimani.

Mume alirudi mjini na gari lile, na hakukubali kuliuza. Alimwita fundi wa umeme, akamwomba aunganishe tena waya aliokata. Fundi alidhani hakusikia vizuri. Majirani nao walidhani huzuni imemvuruga akili, kwa sababu mchana kweupe walimwona akikaa siti ya kushoto, mahali pa marehemu, anafunga mlango polepole kwa kiganja, kisha ananyoosha mkono anawasha gari kutoka upande ule, anaachia breki, gari linateremka taratibu uani. Na sauti ilisema. Ilikuwa mara ya kwanza kusema naye. Kwake ilikuwa imebaki sauti moja tu duniani iliyokuwa ikizungumza na mkewe, na alitaka kuisikia.

Ndipo akamwendea yule mwalimu wa chuo. Sasa hakuona haya tena. Haya ni kitu cha watu ambao bado wana cha kupoteza. Mwalimu akaja. Akainama dirishani, akasikiliza, akaomba airudie.

"Inasemaje?"

"Inasema, mlango wa kushoto haujafungwa sawasawa. Tafadhali ufunge tena."

"Na baada ya hapo?"

"Hakuna baada ya hapo. Inarudia hilohilo."

Mume akaangalia kiganja chake. Wanaume walibamiza, mlango ukashika, sauti haikuwa na neno nao. Alipoendesha peke yake mlango haukufunguliwa kabisa; ulikuwa umeshika tangu alipousukuma mwenyewe kwa nje, kulifungia gari usiku. Waliofunga kwa upole ndio walioambiwa. Na upole huo, ni nani aliyeufundisha?

Ndugu zangu, mtaa mzima ulisema sauti ile inamchukia mwanamke yule. Mume alimpenda, sina shaka. Mama wa maombi alimpenda. Waliopiga makofi walimpenda. Lakini kati ya wote hao, wenye kujua lugha yake na wenye kujua jina lake, ni kitu kimoja tu kilichokuwa kikimwombea uhai kwa maneno ya wazi, na kwa adabu, kila alipoketi. Tulichokifanya ni kukikemea, kisha tukakikata, kisha tukamshukuru Mungu kwa kimya.

Mtaniuliza kama ninawakataza kuomba. Siwakatazi. Mimi mwenyewe ninaishi kwa kuomba. Ninachouliza ni hiki: ni mara ngapi tumekemea kwa jina la Bwana kitu ambacho yeye mwenyewe alikiacha kitulinde? Mwalimu yule alikuwa mji uleule. Kumuuliza kusingelipunguza imani ya mtu yeyote. Lakini ilikuwa rahisi kwetu kumuuliza mwanamke ana dhambi gani kuliko kuuliza mlango una nini.

Na angalieni tulivyo. Kitu kikimsumbua mmoja tu ndani ya nyumba, na sisi wengine kisitusumbue, tunakimbilia kusema tatizo ni yeye. Mama mkwe anasema usiku hapumui vizuri; mbona sisi tunapumua? Binti anasema hataki kwenda kwa baba yake mdogo; mbona wenzake wanakwenda? Mke anasema kifua kinamwuma akipanda ngazi, tunamwambia apunguze mawazo. Tunamfunza kufunga taratibu. Tunamfunza kusema polepole, kwa adabu, asituharibie mwendo. Naye anatii, kwa sababu anatupenda, na kwa utii wake anakaa karibu zaidi na barabara.

Kisha siku moja nyumba inakuwa na amani. Hakuna anayelalamika. Tunasema Bwana ametenda.

Mimi kimya cha namna hiyo kinanitisha. Nakuomba wewe uliyekaa hapo, na wewe uliyesimama pale nyuma ili utoke mapema: yupo mtu nyumbani kwako ambaye amekuwa akirudia neno moja muda mrefu, kwa namna usiyoielewa, mpaka umeacha kulisikia. Usimwombee bado. Leo ukifika, kabla hujavua viatu, keti karibu naye umuulize maana yake ni nini. Na akikujibu, usimtafsirie. Msikilize mpaka amalize, angali anajibu.