Maji ya Jumatatu

Wahenga hawakusema kikulacho ki porini, wala hawakusema ki ng'ambo ya mto. Porini mtu huenda na rungu mkononi, na ng'ambo ya mto hulala jicho moja wazi. Walisema ki nguoni mwako, mahali ambapo hutafuti kwa sababu hapo ndipo unapopata joto. Nokuzola Mabija wa New Brighton, kitongoji cha Waafrika kando ya mji wa Port Elizabeth, Afrika Kusini, aliyajua hayo vizuri na aliwaonya wenzake mara nyingi. Yeye mwenyewe hayakumsaidia hata chembe.

Jina lake maana yake ni mama wa utulivu. Waliompa hawakuwa wamemwona akikasirika. Kwa miaka kumi na tisa alifua nguo za Wazungu, na kila jioni aliongoza kwaya ya kanisa. Nyimbo alizitunga mwenyewe na kuziandika kwa solfa, do re mi za herufi tupu, nyuma ya kurasa za kalenda zilizopitwa na wakati. Jumatatu moja ya mwaka wa 1972 mwajiri wake alimtupia shuka mbichi usoni na kumwambia doa bado lipo, arudie, tena aoge kwanza. Nokuzola alirudia kufua. Alipofika nyumbani alikuwa na wimbo mzima kichwani:

"Shuka yako naijua, Bibi,
kuliko mumeo aijuavyo;
doa hili si la maji,
na sabuni yangu haisemi uongo."

Wimbo huo ulizaa mwingine, na mwingine, hata majira ya baridi yalipokwisha nyimbo zilikuwa tisa, zenye kisa kimoja: wafuaji wa mji mzima wanaogoma Jumatatu moja, na Jumanne Wazungu wanakwenda kazini wakinuka jasho lao wenyewe. Mchezo huo wa nyimbo aliuita Maji ya Jumatatu.

Aliyekuwa wa kwanza kuusikia ni Lindile, mtoto wa marehemu dada yake Nosipho. Nokuzola alimlea tangu akiwa na miaka minne, akamsomesha kwa mikono iliyochubuliwa na magadi. Sasa alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, mtanashati, mwenye sauti laini kama siagi juani. Chuoni alikuwa amejifunza kuandika muziki kwa mistari mitano, kama Wazungu.

"Mamkubwa," alisema siku ile, macho yamemlowa, "kitu hiki hakiwezi kufia kwenye kalenda. Niachie nikiandike kama inavyotakiwa. Wenye majumba makubwa ya maonyesho hawasomi solfa."

"Andika, mwanangu," alijibu Nokuzola. "Mkono wako si wangu?"

Basi Lindile akauhamishia kila wimbo kwenye mistari mitano kwa mwandiko wake mzuri, wenye mikia iliyopinda kama mizabibu. Kalenda zikawashiwa jiko.

Walifanya mazoezi kila Jumamosi mchana katika ukumbi wa kanisa. Waimbaji walikuwa kumi na wawili, wengi wao wafuaji kweli. Mpiga saksofoni alikuwa Zamile Ntshinga, fundi wa kiwanda cha magari, mtu mkavu asiyejua kubembeleza. Hakuweza kusoma noti hata moja. Alisema solfa ni siafu na mistari mitano ni siafu waliofungiwa uani. Lakini ukimwimbia wimbo mara moja, aliurudisha ukiwa umenenepa. Yeye na Nokuzola waligombana kila wiki juu ya mwisho wa mchezo.

"Unawafungaje jela wanawake wote?" Zamile aling'aka. "Watu watoke hapa wakilia? Wanalia bure nyumbani kwao!"

"Kwa hiyo nidanganye? Niseme Kaburu alipiga magoti akafua soksi zake?"

"Mfanye afue! Ni mchezo, mama, si kitabu cha polisi!"

Usiku wa maonyesho ya kwanza ukumbi ulifurika hata watu wakakaa madirishani. Sehemu ya kwanza ilipigiwa vigelegele. Kabla ya sehemu ya pili kuanza, askari waliingia. Sajini hakuuliza lolote. Alikwenda moja kwa moja jukwaani na kuutaja kwa jina wimbo wa Shuka, ambao ulikuwa wa sehemu ya pili na nje ya kundi hakuna aliyekuwa ameusikia. Alitaja na nyingine mbili. Nyimbo zote tatu zilipigwa marufuku hapo hapo, na wanaume watatu wakapakiwa garini, Zamile mmojawapo. Wawili, Themba na Sizwe, walikaa ndani wiki tatu. Zamile alirudi baada ya siku mbili.

Kwamba kuna mtu wa ndani aliyesema, hilo lilikuwa wazi kama jua la utosi. Nani? Nokuzola alilala na swali hilo na kuamka nalo.

"Mimi simsemi mtu, Mamkubwa," alisema Lindile akimmiminia chai. "Ila siku mbili tu? Hata mtu aliyesahau nyumbani kipande cha kuruhusiwa mjini hukaa ndani zaidi."

Maneno hayo yalimwingia Nokuzola kama mwiba. Jumamosi ya kwanza baada ya Themba na Sizwe kutoka, alimsimamisha Zamile katikati ya ukumbi, mbele ya kundi lote.

"Waambie wenzako walikulipa nini."

Zamile alidhani ni mzaha. "Nani kanilipa?"

"Siku mbili! Themba na Sizwe wametoka wamevimba nyuso, wewe umetoka umenyoa ndevu! Uliuchukia mchezo wangu tangu mwanzo. Umeuuza!"

"Bosi wangu kiwandani alinitoa kwa sababu mashine ilikwama," alisema Zamile polepole. "Nenda kamuulize."

"Niende kumuuliza Mzungu kama wewe ni kibaraka wa Wazungu?" Nokuzola alimzaba kofi. "Toka! Na kitongoji kizima kijue jina lako!"

Kikajua. Mke wa Zamile, Nomalizo, alipofika bombani wanawake walinyanyua ndoo zao na kumpisha kana kwamba ana ukoma. Nokuzola aliyasikia hayo na akaona ni haki. Hasira yake ilikuwa tamu, na hasira tamu haiulizi maswali.

Mchezo uliendelea kwa nyimbo sita, na hata hivyo uliwaka. Mwaka uliofuata Mzungu mmoja wa Johannesburg, Bwana Pringle, mwandaaji wa maonyesho, aliuona mara mbili na kutangaza kwamba ataupeleka London, na huko nyimbo zote tisa zitaimbwa, kwa kuwa mkono wa sajini haufiki. Kundi lilicheza hadi vumbi likapanda darini. Nokuzola alimtilia shaka Pringle tangu siku ya kwanza. Kila karatasi aliyoileta ilisomwa na Lindile neno kwa neno kabla ya kutiwa sahihi. "Huyu asituchezee," Nokuzola alimwambia. "Wewe ndiye macho yangu."

Pasipoti zilitoka kwa wote isipokuwa yeye.

Alipokwenda ofisini kuuliza, hakumkuta karani. Alimkuta yule sajini, ameketi nyuma ya meza, faili limefunguliwa.

"Wewe ni mchochezi, Nokuzola," alisema kwa sauti ya mtu anayesoma bei dukani. "Huyu hapa shahidi." Akasukuma karatasi mbele yake. "Utasema hukuutunga?"

Ulikuwa wimbo wa Shuka. Nokuzola hakutazama maneno. Alitazama mistari mitano, na noti zenye mikia iliyopinda kama mizabibu. Juu pembeni palikuwa na tarehe, wiki mbili kabla ya maonyesho ya kwanza. Zamile hakujua kuandika noti hata moja. Katika kundi zima, katika kitongoji kizima labda, mkono uliopinda vile ulikuwa mmoja.

"Nimeutunga," alisema. "Nimeutunga mimi. Andika hivyo, tafadhali. Andika jina langu kwa herufi kubwa."

Sajini alicheka. Hakujua alichoombwa.

Kundi lilikuwa liondoke kwa treni kesho yake mchana. Nokuzola alimkuta Lindile stesheni, amevaa suti ya kijivu, amekalia sanduku, waimbaji wamemzunguka. Lindile alipouona uso wake, alisimama.

"Mamkubwa, twende pembeni."

"Tutasemea hapa hapa. Uliwapelekea Shuka."

Lindile alitazama huku na huku, kisha akashusha sauti. "Waliniita kuhusu kipande changu. Walisema watanirudisha shamba, nikalime. Walitaka karatasi tatu tu."

"Na pasipoti yangu?"

Lindile akainama kukaza mkanda wa sanduku.

"Nimekuuliza, mtoto wa Nosipho! Na pasipoti yangu?"

"Mara ya kwanza walinitisha," alisema mwishowe. "Mara ya pili nilikwenda mwenyewe." Kisha, kama mtu aliyekwisha kuvua aibu na kuitundika, akainua kichwa. "Ungefanya nini London wewe? Ungewatukana siku ya kwanza tu. Pringle anataka mtunzi anayeweza kuongea na waandishi wa magazeti. Na karatasi zote, zote, ni mwandiko wangu. Wako uko wapi?"

Wake ulikuwa umechemshia chai yake.

Nokuzola hakumpiga. Kofi lake alikuwa amekwisha kulitumia kwa asiyestahili. Aliwageukia waimbaji. Thandeka, aliyeimba wimbo wa Shuka, alikuwa akilia waziwazi.

"Mmesikia," alisema. "Semeni."

Treni ilipiga honi. "Mama," alijikaza Thandeka, "nina watoto watatu. Nikirudi nyumbani leo, kesho niko kwenye beseni."

Maneno hayo yalimuuma Nokuzola kuliko ya Lindile, kwa sababu yalikuwa kweli. Angeweza kuwalaani, na ulimi ulimwasha kufanya hivyo. "Panda," alisema. "Pandeni wote. Lakini mkiimba Shuka, msimwimbie yule Bibi aliyenitupia shuka. Mwimbieni huyu."

Kutoka stesheni alikwenda moja kwa moja kwa Zamile. Nomalizo alimfungulia nusu ya mlango.

"Umekuja kumpiga kofi la pili?"

"Nimekuja kuomba radhi."

Zamile alikuwa mezani, anakula mahindi ya kukoboa na maharage. Alimsikiliza hadi mwisho bila kuacha kijiko, tangu ofisini hadi stesheni. Kisha akajifuta mdomo.

"Ulinifukuza wapi?"

"Ukumbini."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya watu wote."

"Basi mimi siombwi radhi wala sisamehi jikoni. Mke wangu amechota maji peke yake mwaka mzima. Nenda kaseme pale uliposemea."

Jumapili, baada ya ibada, Nokuzola alisimama katika ukumbi ule ule, kitongoji kikimtazama. Hakupamba. Alisema alimwita mwenzake msaliti naye si msaliti. Kwamba msaliti alikula chungu kimoja naye, akamkatia mkate na kumkunjia blanketi. Kwamba kila neno la sumu alilimeza kwa sababu lilitoka katika kinywa alichokilisha. Alimwomba radhi Zamile, kisha Nomalizo, kwa majina yao kamili. Kina mama wa bombani waliinamisha vichwa. Zamile aliitikia kwa kichwa mara moja tu na kuondoka. Ilipita miezi mitano kabla hajarudi na saksofoni yake, na hata aliporudi hakuwa na maneno mengi.

Maji ya Jumatatu yalichezwa London wiki ishirini na tatu. Gazeti lilifika New Brighton likiwa na picha ya Lindile, mtunzi kijana, akieleza jinsi nyimbo zilivyomjia utotoni alipowatazama wafuaji ambao majina yao hayakumbuki. Nokuzola alilisoma akiwa amesimama, akalisoma tena, kisha akaenda kwa mwalimu wa shule ya msingi na kumwambia, "Nifundishe hiyo mistari mitano." Alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Alijifunza kwa hasira, huku akivunja ncha za penseli, na baada ya mwaka mmoja hakumhitaji mtu wa kumwandikia.

Mchezo wake wa pili ulikuwa mkali kuliko wa kwanza. Kabla ya wimbo wa kwanza, kila mmoja wa kundi alisogea mbele ya jukwaa na kutamka: "Huu umetungwa na Nokuzola Mabija." Waliosema walikuwa kumi na wawili, mmoja baada ya mwingine, na wa mwisho alikuwa Zamile, ambaye aliongeza la kwake: "Na mwisho wake nimeupinga mimi, Zamile Ntshinga, wala hakunisikiliza." Ukumbi ulivunjika kwa kicheko, na Nokuzola pembeni ya jukwaa alicheka pia, machozi yakimtoka.

Siku moja mgeni kutoka Durban alimwuliza kwa huruma kama ni kweli Makaburu walimwibia mchezo wake.

"Kaburu?" alijibu Nokuzola, hasira bado ikiwa mbichi kama jana. "Kaburu nilimwekea komeo mlangoni, na Pringle nilimwekea msomaji wa karatasi. Wao sikuwageuzia kisogo hata siku moja. Yule ambaye sikumwekea kitu ndiye niliyembeba mgongoni, kwa nguo niliyoifunga mwenyewe. Usinipe pole, baba. Nenda ukajikung'ute, maana kikulacho ki nguoni mwako."