Wageni wa Bwana Shekue

Mwanamvua, mwimbaji wa taarabu huko Tanga, alikuwa na mimba kubwa alipomwomba Bwana Shekue, mwenye kikundi, amwandikishe kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii ili apate mafao ya uzazi.

"Mafao? Wewe si mwajiriwa wangu, mwanangu. Ninyi wasanii ni wageni wangu tu, mnakuja kujifurahisha."

Jumamosi, kikundi kikipiga harusini, bibi harusi akiwa mlangoni mwa ukumbi anasubiri wimbo wa kumwingiza, afisa kazi akatokea jukwaani.

"Hawa ni waajiriwa wako?"

"Wageni," alijibu Shekue. "Muulize Mwanamvua mwenyewe."

"Kweli kabisa, afisa," alisema Mwanamvua kwa upole. "Hatuna bosi. Jamani, fungeni vyombo, tumealikwa kwingine."

Makame akafunga fidla yake, wenzake wakafuata. Kule mlangoni mama wa bibi harusi akaanza kufoka.

"Rudini!" Shekue alipiga kelele. "Nani kawaruhusu? Saa za kazi napanga mimi, mshahara nalipa mimi! Hatoki mfanyakazi wangu hapa bila ruhusa yangu!"

"Hapo nimekusikia vizuri," alisema afisa, huku akimvutia Mwanamvua kiti. "Jumatatu njoo uwaandikishe wote."

Shekue akaitikia kwa kichwa, jasho likimtoka. Bibi harusi akaingia kwa vigelegele.

Wimbo ulipokwisha, Makame alinong'ona, "Dada, kumbe afisa ulimwita wewe?"

"Nilimwambia asubiri bibi harusi afike mlangoni."

"Na tulialikwa wapi?"

"Kwako. Wifi si amepika pilau?"