Kwa Nini Hadithi Ikiisha Hakuna Anayesimama

Wakati huo fisi alikuwa bado hajaharibiwa jina. Alikuwa mnyama kama wanyama wengine, anakula anachopata na kulala anaposhiba, na hakuna aliyesimulia habari zake kwa sababu hakuna aliyeona haja. Hadithi za wakati huo zilikuwa za watu, tena watu wenye majina, wenye baba zao na vijiji vyao.

Katika nchi ya Igalamo, kwenye misitu ya miyombo ambako watu hutundika mizinga na kurina asali, jambo hilo lilikuwa sheria. Palikuwa na mzee mmoja aliyeitwa Ntugwa, naye alikuwa na cheo cha Msikiaji. Kazi yake ilikuwa kusikia kila hadithi kabla haijasimuliwa uwanjani, na kuiuliza maswali matatu. Ni nani huyo? Mwana wa nani? Anakaa kwa mwanangwa gani? Mwanangwa ni mkuu wa kijiji, na mtu asiye na mwanangwa, kwa hesabu za Mzee Ntugwa, alikuwa hajazaliwa sawasawa.

Hadithi ikishapita kwa Msikiaji, ilisimuliwa mbele ya mtemi, mchana, watu wote wakiwapo. Ikiisha, Mzee Ntugwa aligonga fimbo yake ya mpingo chini na kusema, "Aliyetajwa, asimame." Aliyetajwa alisimama akasema, "Si mimi." Akishasema hivyo, hadithi imekufa, na aliyeisimulia anafunga mdomo mpaka mvua za mwaka ule zinyeshe. Sheria hii ilikusudiwa kuwalinda watu na uwongo, na kwa kweli iliwalinda sana, hasa waongo. Miaka ilivyopita zikabaki hadithi za waliokufa tu, na hata hao, ndugu zao walisimama kwa niaba yao.

Basi mwaka mmoja, kabla ya masika, mizinga ya mtemi iliibiwa. Ilikuwa mizinga mitatu juu ya mninga mmoja, na asali yake haikuwa ya kuliwa na mtu. Ilikuwa ya tambiko la mvua. Waliofika wa kwanza walimkuta chini ya mti mrina asali aitwaye Maganga, amekanyaga makaa kwa nyayo zake, masizi usoni, ananuka asali na moshi. Maganga alinuka asali na moshi tangu alipobalehe. Alisema ameona moto umeachwa ukiwaka kwenye nyasi kavu akaja kuuzima. Walimsikiliza, wakamfunga. Ikaamuliwa kwamba mwezi mpya ukiandama atavushwa mto, asirudi Igalamo maisha yake yote. Zilikuwa zimebaki siku nne.

Mke wake, Kalunde, alimjua mwizi. Si yeye peke yake. Igalamo nzima ilimjua. Alikuwa Mlekwa, shemeji yake mtemi, kaka wa mke mkubwa, mtu mcheshi na mwenye mkono wazi, ambaye jioni ile ya wizi alipita kijijini na kibuyu, akimgawia kila aliyekutana naye sega moja juu ya jani. Watu walipokea wakashukuru. Hakuna aliyeuliza ilikotoka. Asali ya mninga ule ilikuwa nyeusi kuliko asali zote, na mtoto wa miaka mitano angeitambua.

Kalunde naye alipokea. Alikula amesimama mlangoni, akalamba na jani, akalitupa jikoni nyuma ya mafiga. Mumewe alikuwa bado msituni anazima moto.

Asubuhi ya siku ya kwanza kati ya zile nne alikwenda kwa Msikiaji na hadithi ya majina, kama sheria ilivyotaka. Mzee Ntugwa alimsikiliza mpaka mwisho, maana hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa utaratibu tu.

"Mke wa Maganga," akasema, "hadithi yako nzuri. Mtu anajulikana, baba yake anajulikana, mwanangwa wake ni mimi mwenyewe. Itapita. Kisha Mlekwa atasimama aseme si mimi, nawe utanyamaza mpaka mvua, na mumeo atavuka mto. Nikupange siku gani?"

"Hakuna njia nyingine, mzee?"

"Njia zipo nyingi. Zote zinafika hapohapo."

Kalunde akarudi nyumbani. Alikaa siku nzima akitwanga mtama ambao hakuna aliyeuhitaji. Ilipofika alasiri akamwita jirani yake Nyanzala, mwanamke mwenye ulimi mkali lakini moyo wake si mkali sana, akamwambia, "Nisikilize. Fisi alipanda mti akaiba asali ya simba."

"Fisi hapandi mti," Nyanzala akasema.

"Wa kwangu anapanda."

"Haya, amepanda. Kisha?"

"Kisha nyegere akakamatwa, kwa kuwa nyegere ananuka asali siku zote."

"Kisha?"

"Akafukuzwa."

Nyanzala akatia karanga kinywani. "Ndiyo hivyo tu? Mwenzangu, hiyo ni habari ya Mlekwa iliyovishwa ngozi. Ukiivua ngozi unamkuta Mlekwa amekaa humo, ananiambia jambo ninalolijua. Sasa mimi nifanye nini nayo?"

Yale maneno yalimuuma Kalunde, kwa sababu yalikuwa ya kweli na pia kwa sababu Nyanzala aliyasema huku akila karanga zake. Aliingia jikoni kuchochea moto, na nyuma ya mafiga akaliona lile jani. Lilikuwa limekauka, sisimizi wamejipanga juu yake. Akaliangalia kwa muda mrefu. Akaona kwamba alikuwa akisimulia juu ya mwizi, na mwizi hakuwa kitu kigeni. Kila nchi ina wezi. Kigeni ni kwamba watu mia mbili walikuwa wakimjua na hakuna aliyefungua kinywa. Hadithi yake ilikuwa hapo, nyuma ya mafiga, na yeye alikuwa anaitafuta juu ya mti.

Siku ya tatu akarudi kwa Msikiaji.

"Nani?" Mzee Ntugwa akauliza.

"Fisi."

"Fisi yupi? Mwana wa nani?"

"Mwana wa fisi, mzee."

"Anakaa kwa mwanangwa gani?"

"Anakaa porini."

"Pori halina mwanangwa." Mzee alifumba macho, akapitia vijiji vyote vya Igalamo kichwani mwake, kimoja kimoja, na hakumwona fisi katika kijiji chochote. Akafanya vivyo hivyo kwa nyegere, kima, digidigi na kobe. "Hawa wote hawana mwanangwa," akasema. "Hawawezi kuitwa, kwa hiyo hawawezi kukanusha. Na simba?"

"Simba ni simba."

"Nitamhesabu mgeni anayepita. Hadithi yako haina mtu ndani yake, mke wa Maganga. Sijui itamsaidia nani, lakini haina kosa. Ipite."

Siku ya nne watu walikusanyika uwanjani, mbele ya ikulu ya mtemi, jua likiwa juu. Maganga alikaa chini, mikono imefungwa kwa kamba ya magome, ile ile anayofungia mizinga yake. Mtemi alikaa kwenye kigoda. Mlekwa alikaa safu ya mbele, miguu ameinyoosha, anawasalimia watu kwa majina.

Kalunde akasimama katikati, akasimulia.

Alisimulia jinsi fisi alivyoshuka mtini na asali ya simba, asali nyeusi ya mvua, akaona njia ni ndefu na macho ni mengi. Akakutana na kima, akampa sega. Kima aliijua harufu ile, lakini mkono wake ulikuwa umeshanyooka kabla akili haijafika. Akakutana na digidigi, naye akala, akisema moyoni kwamba misitu ni mingi na asali nyeusi haitoki mti mmoja tu. Akaja kobe, kwa mwendo wake, akafika asali imekwisha. Fisi akampa jani, kobe akalilamba jani.

"Simba akawaita wote," Kalunde akasema, "akauliza, nani ameiba? Kima akafungua kinywa kusema. Akakuta ulimi wake mtamu, akakifunga. Digidigi akafungua kinywa, ulimi mtamu, akakifunga. Kobe naye vivyo hivyo, na yeye alikuwa amelamba jani tu. Nyegere peke yake alikuwa na ulimi mkavu. Akasema, si mimi, mimi nilikuwa nazima moto. Wote wakamgeukia wakasema, mbona unanuka asali? Wakamvusha mto. Wakarudi nyumbani, wakalala usingizi mzuri. Hiyo ndiyo hadithi yangu, na imekwisha."

Kalunde aliona kwamba hakuna aliyekuwa anamtazama. Kila mtu alikuwa anatazama mikono yake mwenyewe.

Hapo Mzee Ntugwa akafanya alichokifanya kila mara kwa miaka thelathini. Akagonga fimbo chini. "Aliyetajwa, asimame!"

Baadaye alipoulizwa kwa nini aliita, wakati yeye mwenyewe alikuwa amesema hadithi haina mtu, alijibu kwamba utaratibu hauangalii kama kuna mtu.

Wa kwanza kusimama alikuwa bibi mmoja mzee wa safu ya nyuma, aitwaye Mwasi, mwenye mgongo uliopinda. "Si mimi!" akasema. "Mimi sikula asali. Ilikuwa imekwisha. Nililamba jani!"

Watu wakacheka, lakini kicheko hakikufika mbali, maana mwanamume mmoja upande wa pili alikuwa ameshasimama. "Si mimi. Mimi niliambiwa imetoka msitu mwingine."

"Nani alikuambia?" mtu akamuuliza.

"Nilijiambia."

Akasimama wa tatu. Akasimama Nyanzala, karanga bado mkononi, akasema si yeye, kisha akasema tena kwa sauti ndogo, kana kwamba ya kwanza haikumridhisha. Walisimama watu kumi na mmoja, kisha ishirini, kisha ikawa rahisi kuwahesabu waliokaa. Wanasema mtemi mwenyewe, aliyekuwa ameletewa kibuyu kizima na shemeji yake na kukinywa na uji, alishika kingo za kigoda akainuka kidogo, halafu akakumbuka yeye ni nani akakaa. Waliomwona walitazama pembeni kwa heshima.

Katika safu ya mbele akawa amebaki Mlekwa peke yake, miguu imenyooka. Watu waliosimama walimzunguka kama miti. Akaona kukaa kumekuwa kubaya kuliko kusimama, akaruka juu. "Uwongo mtupu!" akasema. "Kobe sikumpa kitu mimi!"

"Ulinipa jani, baba," Bibi Mwasi akasema kutoka nyuma. "Nalo lilikuwa tupu."

Hakuna aliyecheka safari hii. Mtemi alimtazama shemeji yake, akatazama kamba mikononi mwa Maganga, kisha akamgeukia Kalunde. Hakuwa mpole. Mtu aliyeinuka nusu mbele ya watu wake hawi mpole siku hiyo.

"Wewe mwenye hadithi," akasema. "Umewasimamisha wote hawa. Wewe uko wapi humo ndani?"

Kalunde alijua kwamba akisema hayumo, hadithi yake itakufa palepale kwa haki kabisa.

"Mtemi," akasema, "mimi nimesimama tangu mwanzo."

Maganga akafunguliwa. Mlekwa alivushwa mto mwezi ulipoandama. Dada yake alilia siku mbili, na mtemi alikula chakula baridi kwa siku nyingi zaidi ya hizo.

Njiani kurudi nyumbani mume na mke walifika kwenye miti yao ya mizinga. Maganga akasimama, akawa anasugua vifundo vya mikono.

"Na wewe ulikula?" akauliza.

"Nilikula."

Akatembea hatua chache. "Ilikuwa tamu?"

"Ilikuwa tamu sana, baba Kabula."

Maganga akaitikia kwa kichwa, kama fundi anayesikia habari za kazi ya fundi mwenzake, wakaendelea na safari. Hakulizungumza tena jambo hilo. Lakini masika yote alilala amempa mgongo, na Kalunde hakulalamika.

Mzee Ntugwa, kwa upande wake, hakulala kabisa. Aliona sheria imepata tundu, akaja kwa mtemi na mapendekezo mawili. La kwanza, wanyama wote wapewe wanangwa. Jambo hilo lilijaribiwa kwa siku chache kisha likaachwa, kwani wanangwa walikataa kumpokea nyoka. La pili lilikuwa kwamba mwenye hadithi, akimaliza, atamke wazi mbele ya watu maana yake ni ipi na fisi ni nani, ili pasiwe na haja ya kusimama. Mtemi alilifikiria pendekezo hilo muda mfupi sana. Akasema hataki kuisikia maana ya hadithi yoyote ikitamkwa uwanjani, leo wala kesho, na Mzee Ntugwa asiite tena mtu yeyote asimame. Hakutoa sababu, na waliokuwapo hawakuiuliza.

Na tangu siku hiyo fisi ndiye anayeiba katika hadithi zetu, ingawa hajawahi kuonja asali ya mtemi, na msimulizi akifika mwisho hufunga kinywa asiseme alikuwa akimsema nani. Wasikilizaji nao hukaa kimya kidogo, kila mmoja na mikono yake, kisha huondoka. Na akitokea mtu akauliza kwa nguvu, "Lakini huyo fisi hasa ni nani?", hakuna anayemjibu. Majirani zake husogea tu, huku na huku, ili apate nafasi ya kusimama.