Ndege Mgeni wa Mnara wa Taa

Ngano inabisha hodi!
*Ifungulieni!*
Ina tope miguuni!
*Ijipanguse, ikae!*

Haya, imekaa. Sikilizeni.

Kando ya ziwa palikuwa na bustani ya watu wote, na kwenye ncha ya mawe ulisimama mnara wa taa wa kuonyesha mashua mwamba uko wapi. Chini ya mnara, kwenye ukingo wa udongo, Mdiria alichimba shimo lake. Ndege wa kujaa kiganja tu, mdomo kama sindano ya kushonea magunia. Shimoni mna makinda wanne, na zilibaki siku saba waruke.

Akasikia kwaru, kwaru, kwaru. Kenge huyo! Ulimi nje, tumbo linaburuta.

"Hodi, mpwa wangu. Nasikia una watoto."

"Shikamoo, mjomba. Ninao, lakini ni mifupa mitupu."

"Mifupa natafuna."

"Itakukwama kooni, mjomba. Njoo kesho."

Mjomba gani? Hawakuwa na undugu hata wa kuombana chumvi! Lakini mtu akikusimamia mlangoni na meno yale, hata babu utamwita.

Kenge akaondoka. Mdiria akatua kwenye kiti cha mbao, akawaza. Kulikuwa na jambo lililomwasha siku nyingi: wale watu wanaokuja asubuhi na darubini shingoni. Hawavui, hawawindi, hawarushi mawe. Wanatazama ndege, wanaandika daftarini, wanakwenda zao. "Hawa wanatafuta nini? Walipotelewa na ndege wao?" Basi siku zote hizo alikuwa akiwafuata mti kwa mti. Wao wanatazama ndege, yeye anawatazama wao.

Siku moja Bi Koku, mmoja wao, alikuwa amemwona. "Bwana Rwegasira, yule pale!"

"Aa, mdiria tu. Twende."

Mdiria tu! Lilimuuma hilo. Lakini aliona pia siku alipokuja bata mgeni: watu walinong'ona, wakazungusha kamba, mbwa wakafukuzwa, mtu asisogee. Hilo akaliweka moyoni.

Kesho yake ya ile hodi, Kenge tena, kwaru, kwaru, kwaru.

"Mpwa wangu, wamenona?"

"Mjomba, bado unahangaika na makinda? Wenzio wanaletewa sato wa kukaanga!"

Kenge akasimama. "Nani analetewa?"

"Ndege mgeni anayeandikwa daftarini. Anakaa juu, anatulia, analetewa sahani."

"Mimi si ndege."

"Kwani ndege ni nini, mjomba? Ni manyoya tu."

Kenge akagaagaa topeni, gaa, gaa, gaa. Mdiria akamwokotea manyoya ufukweni, ya yangeyange, ya mnandi, ya korongo, akambandika mgongoni mpaka mkiani. Kenge akapanda ngazi ya chuma, ngo, ngo, ngo, mpaka juu kwenye taa.

"Usitambae, mjomba. Wakikuona unatambaa, wanakufuta."

Bi Koku akainua darubini.

"Bwana Rwegasira… ana mkia kama kamba ya ng'ombe!"

"Sss! Usipumue!"

Wakaandika. Wakachora. Wakauzungushia kamba mnara wote, na ukingo wenye shimo ukawa ndani ya kamba. Watu wakaja kwa mabasi kutazama ndege ambaye hakuna aliyejua jina lake.

Siku ya pili Kenge akanong'ona, "Mpwa, sato yuko wapi?"

"Wanamkaanga, mjomba."

Siku ya tatu: "Mpwa, sato?"

"Wanamtafutia ndimu, mjomba."

Siku ya nne: "Mpwa!"

"Ndimu imepatikana, chumvi imekwisha."

Siku ya tano jua lilimchoma, kioo cha taa kikamchoma, na chini darubini arobaini zinamtazama. Angetambaaje? Tumbo lake likalia nguruu, nguruu. Bi Koku akaandika: *Ana sauti nzito, ya huzuni.*

Siku ya saba makinda wakachungulia mlangoni. Mmoja, fuu! Wa pili, fuu! Wa tatu, fuu! Wa nne akaogopa, mama akamsukuma, fuu!

Hapo mvua ikashuka. Tope likayeyuka, manyoya yakaporomoka, Kenge akabaki uchi juu ya mnara. Akateleza, chubwi! ziwani.

Manyoya yanaelea.

"Mungu wangu," akalia Bi Koku. "Kenge amemla ndege wetu!"

"Na alikuwa mmoja tu duniani!" akalia Bwana Rwegasira.

Toka siku hiyo Kenge akikanyaga bustani ile anafukuzwa kwa fimbo, eti alimla ndege. Anapiga kelele, "Ndege ni mimi!" Nani amsikilize? Na darubini bado zinautazama mnara, huenda akaja mwingine. Mdiria naye anatua juu ya kamba, karibu kabisa na pua ya Bi Koku.

"Sogea," anaambiwa. "Unatuziba."

Ngano imeshiba, inaomba viatu vyake!
*Ipeni, iende salama!*

Mafunzo yake, wajukuu zangu: semeni kweli siku zote, na mjomba akija mlangoni msimdanganye hata kidogo. Mmemwona Mdiria alivyopata taabu: makinda wanne wote wazima, na wote wa kulishwa na yeye peke yake.