Joka Lililopiga Hodi

Mpo, wasikilizaji? Basi rudishieni mlango, msogee.

Palikuwa na Bi Mize, mwanamke mkarimu kupindukia. Mbayuwayu alijenga kiota kwenye boriti ya ukumbi wake, na kila siku Bi Mize alikaa chini yake akiwatazama makinda wakilishwa, anatabasamu peke yake. Jioni moja mbayuwayu akamwambia:

"Mama, joka la kisimani limewanusa wanangu. Haliwezi kuvuka kizingiti chako bila kukaribishwa. Leo usimkaribishe mtu, hata awe nani."

Jua likazama. Hodi! Sauti ya kikongwe: "Mjukuu wangu, nina kiu." Bi Mize akauma midomo, kimya.

Hodi! Sauti ya jirani: "Mize, nyumba yangu inaungua!" Akaziba masikio, kimya.

Hodi! Sauti ya Makame, mumewe aliyekuwa safarini: "Mke wangu, nimerudi." Machozi yakamtoka Bi Mize, lakini kimya.

Hodi tatu bila jibu, mgeni huondoka. Hata joka linaijua adabu hiyo. Magamba yakasikika yakiburuzika mchangani, yanakwenda. Bi Mize akashusha pumzi. Juu ya boriti, makinda wakaanza kulia tena.

"Haya, mama," sauti ikasema kwa upole, kutoka mbali. "Mimi naenda zangu. Kwaheri."

"Kwaheri," akajibu Bi Mize, kama alivyofunzwa tangu utoto. "Karibu tena."

Komeo likajifungua lenyewe.

Yangu yamekwisha. Mnaokwenda kulala, nendeni. Lakini asiniage mtu.