Tairi Kubwa za Tajiri Mkwizu

Palikuwa na laki sita, na watu wawili wakizigombea: Semeni aliyezitolea jasho, na tajiri Mkwizu aliyezikalia.

"Nilisema mita tuliyoianzisha sifuri ikisoma elfu moja!" Mkwizu alifoka mbele ya duka lake mjini Kondoa, wateja wakisikia. "Kilomita elfu moja, tairi zisilegee, ndipo nikulipe. Hatukupatana?"

"Tulipatana. Ukaenda ukaliegesha gari!"

"Gari langu. Ninayo mengine matatu ya kukodisha. Hili litapumzika mpaka masika."

Damu ilimpanda Semeni. Ufundi alijifundisha mwenyewe, na maneno ya kuzunguka mbuyu hakuyajua. Mkwizu ndiye aliyetaka gari la porini linalovuka makorongo wenzake wakikwama. Semeni akaweka jeki yake rehani, akanunua ringi, akafunga tairi za kufika kiunoni, akakata na madigadi zisikwaruze. Sasa jeki ilikuwa inakwenda kuuzwa.

"Tajiri, tairi kubwa ikizunguka mara moja inakwenda mbali kuliko ya zamani. Mita haijui. Inahesabu mizunguko tu."

"Mita haina shangazi wala mjomba, Fundi. Haimpendelei mtu. Isemalo ndilo hilo!"

"Hata ikipunja?"

"Haipunji!" Mkwizu aliufungua mlango wa gari kwa mbwembwe. "Panda. Soma, hawa wasikie."

Semeni akapanda. "Mia tisa."

"Kwa sauti!"

"Mia tisa! Na hiki kikaratasi ulichobandika chini yake, nikisome?"

"Soma vyote! Mimi mtu wa kuficha kitu?"

Semeni akakohoa kidogo. "'Mteja, tairi ni kubwa, mita inapunja. Kila kilomita mia utalipia mia na kumi na tano. Kwa amri, Mkwizu.'"

Mzee mmoja aliyelikodi gari hilo mwezi uliopita akaacha kutafuna muwa.

"Hicho... hicho ni cha wateja," alisema Mkwizu.

"Ahaa! Mita inapunja ukidai, ukidaiwa inaokoka?" Semeni akashuka, akaufunga mlango taratibu. "Mia tisa kwa hesabu yako ni elfu moja na thelathini na tano. Ikiwa mita inasema kweli, rudisha zile kumi na tano za kila mtu hapa, anza na mzee huyu. Ikiwa inapunja, elfu imeshapita."

Mzee alikuwa ameshakinga mkono.

"Fundi, twende ndani tuzungumze..."

"Laki sita. Hapa hapa."