Madumu Aliyoyaandika Nyevu

Kufuta tarehe si kufuta siku. Ndivyo mama wa chakula alivyomjibu yule mchuuzi wa maziwa lala mchana huu, alipomwona anakwaruza tarehe ya pakiti kwa ukucha, nanyi nyote mkacheka. Kisha mmoja wenu akaniuliza maneno hayo yametoka wapi, maana babu yake hakuwahi kuyasema. Kweli hakuyasema. Ni maneno ya juzi tu, yamezaliwa hapa hapa Changamwe, na mimi nilikuwapo yalipozaliwa. Tena nilikuwa upande mbaya. Kaeni basi, lori letu bado halijafika.

Katika godauni lile ambalo leo linauza vigae, kulikuwa na tajiri aitwaye Bwana Lali. Alikuwa akitengeneza maji ya sigara za umeme, zile ambazo watu huzivuta wakatoa mvuke unaonukia embe au nanaa. Maji hayo hayana siri kubwa. Ni glisirini, ni ladha, ni nikotini. Glisirini ukiifunga vizuri hukaa miaka miwili bila kulalamika. Ladha hukaa mwaka, pengine na ziada kidogo. Nikotini ndiyo bibi harusi wao: haitaki jua, haitaki joto, haitaki hata hewa ya kupita. Inatakiwa iwekwe ndani, gizani, penye baridi, mlango umefungwa kwa kufuli. Na ile kali, kabla haijazimuliwa, ni sumu. Si lazima uinywe. Ikikumwagikia mkononi tu, hupenya kwenye ngozi ikakuangusha.

Mtunza stoo wa pale alikuwa Nyevu, mwanamke wa Kiduruma kutoka Mariakani. Alikuwa mfupi, sauti yake ya chini, na hakuwa na mazoea ya kusema jambo mara mbili. Kila dumu lililoingia alilibandika lebo na kuandika kwa mkono wake mambo matatu: ni kitu gani, kina nguvu kiasi gani, na mwisho wa kutumika ni lini. Madumu yenyewe yalifanana kama mapacha, yote meupe, yote ya lita ishirini. Bila maandishi ya Nyevu, hata Bwana Lali mwenyewe asingejua lipi ni lipi.

Mimi nilikuwa serehangi wa wapakizi. Watu wanane walinisikiliza mimi, nami nilimsikiliza tajiri.

Mwaka huo, kaskazi ilipoanza kuvuma na joto likapanda, Bwana Lali alipata mpangaji wa kile chumba cha baridi. Akatuamuru tuyatoe madumu ya nikotini tuyapange katika banda la mabati nyuma ya ofisi. Nyevu alimfuata akamweleza kwamba banda lile saa saba mchana ni tanuri, na kwamba mali ile itaharibika. Bwana Lali akamjibu kwamba ni ya wiki mbili tu. Wiki mbili zikawa miezi mitatu. Nyevu alikuwa akilifungua dumu moja kila Jumatatu kulitazama, na kila Jumatatu maji yalikuwa meusi zaidi, hadi yakafika rangi ya chai ya mkandaa, isiyotiwa maziwa. Harufu yake ilikuwa kama pilipili iliyoungua. Tarehe za mwisho nazo zikafika, zikapita.

Ndipo ikaja oda kubwa ya nikotini kutoka bara. Bwana Lali akaniita ofisini, akanipa chupa ya spiriti na vitambaa, akaniambia niende na vijana wangu tuzifute zile tarehe, atatuletea lebo mpya za kubandika. Nilimuuliza kama Nyevu anajua. Akasema, hili halimhusu Nyevu, ni wino tu.

Nami nilijiambia vivyo hivyo, kwamba ni wino tu. Sikulazimishwa kwa rungu. Nilikuwa na kazi nzuri na sikutaka kuikosa. Tukaingia bandani tukafuta. Lakini spiriti haichagui mstari. Tulipotaka kuondoa tarehe, ikaondoka na nguvu iliyoandikwa juu yake, na mahali pengine hata jina likaondoka. Tukamaliza madumu arobaini na moja, nikajisifu kwamba tumefanya kazi safi.

Asubuhi iliyofuata, Saumu aliyekuwa mchanganyaji alikuja kuchukua nikotini. Bandani kulikuwa na za aina mbili: kali yenyewe, na ile iliyokwisha kuzimuliwa mara tano. Kwa ile kali Saumu huvaa glavu nene hadi viwikoni na aproni ya mpira. Kwa ile iliyozimuliwa huvaa glavu nyepesi. Siku zote alisoma maandishi ya Nyevu. Siku hiyo hapakuwa na cha kusoma. Akatazama mahali dumu liliposimama, akakisia kwamba ndiyo ile nyepesi, akavaa glavu nyepesi, akamimina. Maji yakamrukia, yakaingia ndani ya glavu na kulowesha mkono wa gauni lake.

Haikupita hata robo saa. Nilimwona amejishika ukutani, jasho linamtoka naye anasema anaona baridi. Kisha akatapika, akakaa chini. Sisi tulisimama tukimtazama. Nyevu ndiye aliyekuja mbio. Alimvua glavu na gauni mbele yetu sote, akamfunga khanga yake, akafungua bomba na kumwagia maji mkono ule kwa muda mrefu, bila kusimama, huku akitukaripia tuite gari. Nikapanda nao hadi hospitali.

Daktari alipoambiwa ni nikotini, aliuliza swali moja: ina nguvu kiasi gani? Nyevu akanigeukia akaniuliza, dumu lile limeandikwaje? Nikasema halikuandikwa kitu. Akaniuliza limeachaje kuandikwa, na yeye mwenyewe aliliandika. Hapo nikamweleza. Nilimweleza nikitazama sakafu, na hadi leo nakumbuka rangi ya vigae vya sakafu ile.

Hakunitukana. Alimwambia daktari, "Mchukulie kwamba ni ile kali kabisa. Maandishi niliyaweka mimi, na wenzangu wameyafuta." Daktari akafanya kazi yake. Saumu alilala huko siku mbili, akapona, ingawa mkono ulimtetemeka wiki nzima.

Sasa nyinyi mtadhani Bwana Lali alishtuka akaacha. Alishtuka, naam, akalipa gharama za hospitali na kupeleka matunda. Lakini kesho yake saa tatu lori la oda lilikuwa limeegeshwa mlangoni, na katibu wake alikuwa na furushi la lebo mpya zenye tarehe ya mwaka ujao. Akaniambia tubandike na tupakie.

Tulipofika bandani, tulimkuta Nyevu ndani. Alikuwa na kopo la rangi nyekundu, ile ya kupaka vyuma, na brashi pana. Madumu kumi na tisa alikuwa amekwisha kuyaandika, kwa herufi kubwa za shibiri nzima: MWISHO ULIKUWA MACHI. Alikuwa anaanza la ishirini. Nikamwambia kwa sauti ya chini, dada Nyevu, toka, bosi anakuja. Akaniambia yeye yupo, na bosi aje.

Bwana Lali akaja. Akasimama mlangoni, akatazama madumu, akatazama rangi iliyomchafua Nyevu mikono yote. Lori lilikuwa likinguruma nje. Akasema kwa upole, maana alikuwa mtu wa upole anapotaka kitu:

"Mama, hii ni mali yangu. Nimeinunua mimi."

"Ni yako," Nyevu akasema. "Na kuharibika kwake ni kwako pia. Nakuandikia ujue."

"Toka bandani."

"Nitatoka nikimaliza. Yamebaki ishirini na mawili."

"Unajua kwamba leo ni siku yako ya mwisho hapa?"

"Najua. Ndiyo maana naandika haraka."

Mmoja wa vijana wangu akacheka kidogo. Bwana Lali akamnyooshea katibu kidole alete spiriti. Akasema rangi hiyo itatoka kama ulivyotoka wino, na ikitoka ataandika atakavyo, na hakuna mteja bara atakayejua.

Nyevu akaweka brashi juu ya kopo. Akasimama mbele ya madumu, kimo chake kikimfikia Bwana Lali kifuani, akamtazama usoni.

"Futa," akasema. "Futa wewe mwenyewe safari hii, usimtume mtu. Miezi mitatu yamekaa motoni, na miezi hiyo imo ndani ya maji, haimo kwenye lebo. Saumu hakuangushwa na wino. Kufuta tarehe si kufuta siku."

Katibu akaleta chupa ya spiriti na kitambaa, akampa Bwana Lali. Bwana Lali hakukipokea. Akanigeukia mimi, kama alivyozoea, akasema, "Mwachiro, fanya kazi." Katibu akanitia kitambaa mkononi.

Wanangu, nimebeba magunia tangu nina miaka kumi na saba, na sijawahi kupewa kitu kizito kama kile kitambaa. Nilimwona Saumu amejishika ukutani. Nikawaona na wale wa bara nisiowajua, mtu anavuta akidhani ni nyepesi, naye anavuta kali mara tano. Nikakirudisha kitambaa mikononi mwa katibu. Nikasema hili sipakii. Wala vijana wangu hawapakii. Sikuwa nimewauliza vijana, lakini nilipogeuka niliona wote wanane wamekaa juu ya sakafu, migongo kwenye mabati, mikono juu ya magoti.

Bwana Lali alitufokea mpaka sauti ikamkauka. Akawatafuta wapakizi wa godauni la jirani, nao wakaja, wakasoma yale maandishi mekundu, wakauliza kumetokea nini, wakaambiwa. Wakarudi kwao mikono mitupu. Dereva wa lori naye akasema mzigo ulioandikwa hivyo hautiwi kwenye gari lake, asije akasimamishwa njiani. Saa nane lori likaondoka tupu. Nyevu alikuwa amekwisha kumaliza dumu la arobaini na moja, akaosha brashi, akalifunga banda kwa kufuli, na ufunguo akaupeleka kwa maafisa wa afya. Walikuja siku ya tatu na glavu zao nene wakayachukua madumu yote kwenda kuyaangamiza.

Tulifukuzwa sote. Nyevu alikaa miezi minne bila kazi. Alirudi Mariakani akalima mihogo, na watu wa pale walimcheka kwamba ameacha mshahara kwa ajili ya tarehe. Sikusikia hata siku moja kwamba amejuta. Lakini maneno yake yalikuwa yamekwisha kutoka bandani na wapakizi wa jirani. Wakayapeleka sokoni, na kwenye maduka ya dawa, na kwa wauza samaki wanaosugua macho ya samaki yang'ae. Watu wakawa wanayasema bila kumjua aliyeyasema.

Mwezi wa tano tangu tufukuzwe, Bwana Lali alimtuma katibu wake hadi Mariakani. Alikuwa ameona kwamba hakuna aliyeweza kuitunza stoo ile. Katibu alikuja na karatasi: Nyevu arudi kazini, mshahara uongezwe, chumba cha baridi kirudishwe, ila kwanza atie sahihi kwamba madumu yale yalikuwa mazima, na kwamba aliandika tarehe kwa makosa. Mimi nilikuwa kwake siku hiyo, nimempelekea salamu za Saumu. Nilimwona akiisoma karatasi yote, polepole, mpaka chini. Nikamsikia akimwomba katibu kalamu, nikadhani atatia sahihi, maana niliijua njaa aliyokuwa nayo.

Akaandika, akaikunja karatasi, akamrudishia. Katibu akaifungua papo hapo. Mahali pa sahihi hapakuwa na jina la mtu. Kulikuwa na mwandiko ule ule wa lebo, ulionyooka, usio na haraka:

Kufuta tarehe si kufuta siku.